Mama Lamba-Kwanza

Iko siku moja ninayoikumbuka hata pale ninaposahau nimeweka wapi miwani yangu, mwanangu. Ni siku niliyorushiwa sabuni usoni katikati ya soko la Kasuku. Halikuwa donge kubwa, la kujaa kiganja tu, lakini aliyelirusha alikuwa mama mwenye mtoto mkononi, na mama wa namna hiyo akirusha kitu hakosei. Lilinipata hapa, juu ya nyusi. Kaa vizuri nikueleze, na hiyo telefone yako iweke chini, haitakimbia.

Wakati ule ulikuwa wa vita. Treni ilikuwa imesimama, njia ya Lubutu imefungwa, na kila kitu kilichotoka mbali kilikuwa kimebaki jina tu. Babu yako alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mchele Lubutu, njia ikafungwa nyuma yake, akabaki kule, nami nikabaki hapa Kindu na watoto. Mama yako ndiye aliyekuwa mdogo wao, ndiyo kwanza anaota meno. Na unajua mimi si mzaliwa wa hapa. Nilitoka Butembo nikiwa mke mpya, na katika mji huu sikuwa na shangazi wala mjomba wa kunishika mkono. Nilikuwa na kazi yangu tu, ya kupika sabuni.

Zamani tuliipika kwa soda, si ile ya kunywa kwenye chupa, usinicheke, ni ile kali inayochoma vidole. Soda ilikuja kwa treni. Treni ilipokoma, soda nayo ikakoma, na wapikaji wengi wakafunika sufuria zao. Aliyeniokoa ni Bibi Zaina, mzee aliyeuza chumvi kando yangu sokoni, mwenyeji wa huku Maniema tangu kwa mababu zake, mwanamke mfupi mwenye maneno marefu. Yeye ndiye aliyenifundisha sabuni ya majivu. Unachoma maganda ya ndizi na vikonyo vya mchikichi, majivu unayatia kwenye kikapu, unamwagia maji polepole, na yale maji yanayodondoka chini ndiyo makali ya kupikia mawese. Akanifundisha na kupima. Ukishapika, chovya kidole, lamba. Ikikuuma ulimi, makali yamezidi, rudisha motoni uongeze mafuta. Ikinyamaza, imeiva. Wapika sabuni wote wa mji huu walikuwa wanalamba, ila walilamba jikoni kwao, mlango umefungwa, maana nani anataka kuonekana anakula sabuni?

Sabuni ile ilitoka nyeusi na laini, nikaipenda. Ili watu waijue nikawa naipiga alama ya kitana. Donge likiwa bado bichi, nachukua kitana changu cha nywele, nakandamiza meno yake juu, mistari inabaki. Wateja wakaanza kuomba "sabuni ya kitana". Ee, mwanangu, nilivimba kichwa. Nilipita Kasuku nimeinua shingo, nikidhani kile kitana ndicho jina langu. Sikuwaza hata kidogo kwamba kila nyumba ya Kindu ina kitana.

Basi mtu mmoja akapata soda kali mahali, pengine ilikuwa imelala ghalani, akaipika na mawese, akatia unga wa muhogo donge linenepe na masizi liwe jeusi kama langu, hakulamba, akapiga kitana juu na kuuza. Mpaka leo simjui, na ningemjua nisingekutajia. Mama Furaha, mke wa fundi mmoja wa pale Kasuku, akanunua akidhani ni yangu. Akamwogesha Furaha wake, mtoto wa kwanza, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Ngozi ya mtoto ikababuka mgongo mzima.

Ndipo alipokuja sokoni. "Angalia kitu ulifanya mutoto wangu," akaniambia, akafunua kitambaa, nikaona. Halafu ndipo akarusha lile donge.

Nikaliokota. Lilikuwa na mistari ya kitana, imepangika vizuri kuliko ninavyoipanga mimi. Nikasema, "Si yangu." Nikasema tena, nikaapa. Watu wakaitazama ile mistari, wakanitazama mimi, wakaguna. Ungekuwa wewe ungeniamini? Mimi mwenyewe ndiye niliyelifundisha soko zima kwamba penye kitana ndipo penye mimi.

Tangu siku ile sikuuza hata donge moja. Kina mama wakawa wanavuta watoto wao nikipita. Wengine wakanibandika jina la Mama Moto. Nyumbani tukala sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta, halafu sombe yenyewe ikawa ya kupimiana, na watoto wakinitazama nilikuwa nageuza uso. Mkulima ana shamba, mvuvi ana mto, mimi nilikuwa na jina tu, na jina ndilo lililokuwa linatulisha. Sasa lilikuwa limekufa, na mume wangu yuko upande wa pili wa njia iliyofungwa. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa sana.

Nikapata akili, au nilidhani ni akili. Nitavuka mto niende ng'ambo, Alunguli, ambako sijulikani sana. Nitajiita jina lingine, na sabuni nitaipiga alama ya kijiko badala ya kitana. Nikafunga sufuria yangu kwenye kitenge, nikaenda kwa Bibi Zaina kumuaga. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuhurumiwa. Nikakaa chini nikalia, nikamweleza jinsi walivyoniharibia jina, jina nililolijenga kwa jasho, jina langu, jina langu. Yeye alikuwa anapeta mchele. Nilipomaliza akauliza, "Mutoto anaendelea namna gani?"

"Mtoto gani?" nikauliza.

Akaweka ungo chini. Mpaka leo nikiona mzee anaweka ungo chini kwa namna ile, naanza kujitafuta nimekosa wapi.

"Mutoto mwenye kuungua," akasema. "Tangu umefika unalia jina, jina. Mutoto wa wenyewe iko na kidonda mugongo muzima, na haujaenda hata kumuona. Sasa juu ya nini watu waamini weye iko na roho muzuri?"

Nikamwambia nikienda kule watasema nimekubali kosa.

"Basi waseme. Mudomo ni yao. Na unataka kuvuka maji na jina ingine? Jina si kitambaa, ufungue hii, ufunge ile. Itavuka mbele yako, utaikuta ngambo imeshakaa. Na ile kitana uiache. Kitana kila mutu iko nayo. Weye tafuta kitu yenye mwizi hawezi kuiba." Akachukua ungo wake akaendelea kupeta, maana yake nyumba imenichoka, niondoke.

Nilitoka pale uso unawaka. Nilikasirika njia nzima, nikimsema moyoni kwamba uzee umemkausha huruma. Lakini nilipofika kwangu na kuifungua ile sufuria, nikamwona mama yako amelala, mgongo wake laini hauna hata alama, ndipo aibu ikanikamata barabara. Kumbe mzee alikuwa ameniona hadi ndani.

Wanasema mkono mtupu haulambwi. Nikakamua mafuta ya mbegu za mchikichi, yale tunayopaka watoto, nikampelekea Mama Furaha. Hakunifungulia. Nikayaweka mlangoni nikarudi. Kesho yake nikaenda tena, na kesho nyingine, mpaka akachoka kunifungia. Akapokea mafuta. Siku hazikupita nyingi akawa ananiachia nimshike mtoto wakati yeye anampaka. Midomo iliniwasha kusema "si yangu", we, iliniwasha kweli, lakini niliifunga. Kidonda cha mtoto hakikuwa baraza la kunisafisha mimi.

Sokoni nako nilirudi, palepale, kando ya Bibi Zaina, bila kitana. Nikapanga madonge machache. Nikachukua moja nikalilamba mbele ya macho ya watu wote, nikawaambia waliokuwa wanapita, "Lamba kwanza, kisha ununue." Mwanangu, walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Njaa imemuzidi, sasa anakula na sabuni," wakasema. Nami nikacheka, ningefanya nini? Kila siku nalamba, kila siku wanacheka, na donge haliuziki. Halafu kama vile hayo hayakutosha, wenye bunduki wakapita mtaani kwetu wakachukua mawese yote niliyokuwa nayo. Nikatamani tena ule mtumbwi wa kwenda ng'ambo. Bibi Zaina akanisogezea kibuyu kimoja cha mawese yake mwenyewe, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kesho nisichelewe, kwa sababu chumvi yake inauzika vizuri watu wakija kunicheka. Nikaanza upya na kibuyu kile.

Asubuhi moja Mama Furaha akaja sokoni, Furaha yuko mgongoni, amepona, ananyonya ngumi. Watu wakasogea wakingoja nirushiwe tena. Kumbe alikuwa amehifadhi kipande cha ile sabuni iliyomchoma mtoto. Akakitoa kwenye pindo la kitenge, akakilamba. Alitema mara hiyohiyo, machozi yakamtoka, akaomba maji. Aliposukutua, akainama, akachukua donge langu, akalilamba pia. Akasubiri. Soko lote likasubiri naye.

"Ile inachoma," akasema kwa sauti ya kusikika. "Hii inanyamaza." Kisha akanigeukia mimi peke yangu, kwa sauti ya chini. "Nipatie ya kumuogesha mutoto."

Kumuogesha mtoto, unasikia? Hakusema ya kufulia. Nililia pale mbele ya watu na sikujificha. Siku ile madonge yote yaliisha, na kila aliyenunua alilamba, hata wanaume wenye ndevu. Jina la Mama Moto likazimika. Wakaniita Mama Lamba-Kwanza, na ndilo hili wanaloniita mpaka leo, hata padri.

Mwenye kupika sabuni ya kuchoma aliweza kuiba kitana changu, lakini angewezaje kumwambia mteja alambe kwanza? Ndicho kile kitu alichokuwa anakisema mzee. Wapikaji wengine wazuri nao wakaanza kulambisha, nikasikia wivu kidogo, nikamlalamikia Bibi Zaina. Akaniambia, "Waache walambishe wote, Kindu itakuwa safi." Mungu amlaze pema.

Njia ilipofunguka babu yako alirudi, mwembamba lakini mzima. Tulikuwa tumehama nyumba, basi akapita sokoni anauliza, nyumba ya Kahindo iko wapi? Ndilo jina langu la kuzaliwa, lakini hakuna anayemjua Kahindo. Akaeleza sura yangu, kimo changu, wakamwambia, aa, unamtafuta Mama Lamba-Kwanza. Alikuja nyumbani ametoa macho, anaogopa mke wake ameingia kazi gani wakati yeye hayupo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Sasa nije kwako. Jana ulikuja hapa kwangu Mikelenge umenuna. Ile keki ya harusi uliyooka ukampakia motari, yule wa pikipiki, ilifika imelala upande kwa sababu ya mashimo ya barabarani, watu wakaipiga picha, na kicheko kinapita telefone kwa telefone. Unataka kufuta jina la kazi yako ufungue lingine, na ua la dhahabu juu yake. Tulimenya muhogo ukaniambia, tukaupika ukaniambia, tukala bado unaniambia. Ulimtaja motari, ukataja mashimo, ukamtaja yule aliyetuma picha na wateja waliokukimbia. Nilikuwa nangoja neno moja, halikuja. Yule bibi harusi, mwanangu, siku yake ile aliwapa wageni wake nini? Hujamtaja hata mara moja.

Nakupenda, ndiyo maana nimeweka ungo chini. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ni kweli, lakini hata chema huanguka njiani siku nyingine. Kikianguka usikimbilie kuokota jina lako, kimbilia aliyeumia. Usibadilishe jina kwa sababu limechafuka. Linalochafuka hufuliwa, na linafuliwa palepale lilipochafukia, watu wakiona. Na alama nzuri piga, sikukatazi, hata ua la dhahabu ukitaka, lakini jua kwamba hilo kila mtu anaweza kulichora. Jina lako ni vile unavyokuwa siku kazi imekuharibikia. Siku hizo zitakuja nyingine, usidanganyike, nami sitakuwepo kukuambia.

Mungu aibariki mikono yako kama alivyoibariki yangu. Akupe wateja wenye kusema ukweli na moyo wa kuusikia. Akupe jina ambalo mama mwenye mtoto mchanga akilisikia hataogopa. Na sasa oka keki ndogo, uibebe mwenyewe magotini, uende kwa yule bibi harusi ukamwambie pole. Ukifika, usijitetee.