Barua Isiyo na Tusi

Bibi Getruda wa Lizaboni, mjini Songea, hajawahi kumwandikia ndugu yake yeyote neno zuri, na anajivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia cheti cha ndoa. Ana miaka sitini na sita. Kwa miaka thelathini na minne amesimama kwenye mashine ya kusaga, akipokea ndoo za mahindi za watu na kuwaambia ukweli ambao hawakuuomba.

"Haya mahindi yamenyeshewa, dada, usinidanganye. Na hii ndoo uliiosha lini, mwaka gani?"

Wateja hununa, kisha hurudi wiki inayofuata, kwa sababu unga wake hautoki na mchanga.

Asiyemjua anaweza kudhani ana roho mbaya. Watu wa namna hiyo wamejaa mjini siku hizi. Wamejifunza kwamba upendo ni picha ya ua la waridi inayotumwa alfajiri kwa simu kwenye kundi la ukoo, pamoja na maneno "Asubuhi njema wapendwa", kutoka kwa mtu asiyejua hata kama wapendwa hao wamekula. Kundi la ukoo wa Getruda lina watu arobaini na mmoja na maua yasiyo na idadi. Hakuna aliyewahi kupata habari humo. Habari za ukoo ule hupita kwenye barua, na barua zenyewe ni za kutukanana. Si matusi ya nguoni; ni kejeli, iliyopikwa kwa subira na kutumwa kwa basi.

Mambo yalianza mwaka 1954. Baba yake Getruda, Kajetani, alikuwa Mngoni, fundi baiskeli na Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele. Dada yake wa pekee akaolewa na Saleh, Myao wa Namasakata kule Tunduru, Mwislamu na mkulima wa korosho. Kajetani hakwenda harusini. Badala yake alimwandikia bwana harusi ukurasa mmoja wa kumweleza kwamba yeye ni mvivu anayelala chini ya mkorosho akisubiri korosho zimwangukie mdomoni. Alikusudia kuvunja undugu kabla haujaanza.

Saleh, ambaye alikuwa na akili kuliko wote waliohusika, akajibu kurasa mbili. Aliandika kwamba amefurahi sana kupata shemeji anayejua mila, kwa kuwa shemeji ni mtani, na mtani asiyekutukana ni adui. Kisha akaongeza kwamba Wangoni walitoka kusini wakikimbia njaa, na kila walipoona moshi wa jiko la mtu walitangaza kuwa ni vita.

Kajetani akawa amenaswa. Huwezi kumkasirikia mtu aliyekwisha kukufanya mtani. Ikabidi atafute tusi jingine, na baada ya hilo jingine, na hivyo ndivyo mtu aliyetaka kuvunja undugu alivyoutunza kwa miaka ishirini na minne. Alipofariki, Saleh alikuja Songea, akaketi juu ya lundo la udongo wa kaburi na kukataa jeneza lishushwe mpaka apewe jogoo, haki ya mtani msibani. Padri alisubiri. Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka, na jogoo akatafutwa.

Watoto wakarithi kalamu. Getruda upande wa Songea, na Swalehe, mtoto wa Saleh, upande wa Namasakata: mabinamu, kwa hiyo watani kwa haki ya kuzaliwa. Getruda huandika akiwa ameketi juu ya gunia la pumba, mashine ikinguruma. "Barua yako," Swalehe aliwahi kujibu, "ilifika na unga mwingi hata tukasonga ugali. Ulikuwa mbovu." Mtoto alipozaliwa Namasakata, Getruda aliuliza kama kijiji kilikuwa hakina sura mbaya za kutosha. Getruda alipomwoza binti yake Careen, Swalehe aliimba kwenye sherehe, na kwa miaka sita iliyofuata hakuna barua ya Getruda iliyokosa kueleza jinsi wageni walivyokimbilia viatu vyao. Jogoo aliyemleta siku hiyo walimchemsha tangu asubuhi hadi jioni, wakaishia kunywa mchuzi. Na shamba lake! Getruda alilitembelea mara moja tu, akaandika kwamba aliona magugu mazuri sana, ila mikorosho hakufanikiwa kuiona.

Wenye elimu ya adabu watauliza upendo uko wapi humo. Mwaka 2011 Otto, mume wa Getruda, alifariki ghafla. Siku ya pili yake Swalehe alishuka kwenye basi la Tunduru, vumbi limemjaa kuanzia nyusi hadi kandambili. Hakutoa pole. Alitoa bahasha mfukoni, akamkabidhi mjane, akasimama mbele yake akisubiri aisome. Ndani mlikuwa na mstari mmoja: "Otto ameona heri kaburi kuliko mapishi yako, nimekuja kuyaonja, nife na mimi." Getruda, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefungua mdomo, alimtupia bahasha usoni na kumwita fisi. Kisha akalia, na baada ya kulia akala. Swalehe alikaa siku tisa akipasua kuni. Wale wa maua ya waridi walitoa rambirambi nzuri na kurudi makwao siku ile ile.

Mwezi Machi mwaka huu kondakta wa basi alileta bahasha yenye mwandiko ambao Getruda hakuufahamu. Aliifungua pale pale mashineni, akasoma, uso ukambadilika.

"Egidi!" aliita. "Zima mashine!"

Egidi, fundi wa mashine, alizima. "Kuna nini, Mama Careen?"

"Namasakata kuna msiba. Sikiliza. 'Mpendwa Bibi Getruda, shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya.'"

"Mbona barua nzuri?"

"Nzuri! Inanuka kama barua ya mwajiri anayekufukuza kazi. Tangu mwaka hamsini na nne hakuna mtu wa Namasakata aliyetutakia afya."

Ilitoka kwa Mwanaisha, mjukuu wa Swalehe, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyerudi nyumbani na stashahada yake. Alieleza kwamba babu alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali ya Mbesa, na sasa yuko nyumbani. Mkono wa kulia haushiki kalamu na maneno yanamponyoka. Kwa wiki tano hajatamka neno la kueleweka. Hutazama ukuta tu. Kisha ikafuata aya ambayo Getruda aliisoma mara tatu. Mwanaisha alikuwa amefungua sanduku la babu yake akakuta barua za miaka sabini. Alisikitika mno kuona jinsi familia hizi mbili zilivyochukiana. "Kwa niaba ya ukoo wetu," aliandika, "naomba radhi kwa matusi yote. Mimi kama kijana msomi naona ni wakati wa kufungua ukurasa mpya."

"Ameomba radhi," Getruda alisema, kama mtu anayesema nyumba imeungua.

Na kwa hakika ni vigumu kuwaza jambo la kijinga zaidi ambalo msomi angeweza kulitenda. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba uliyoyasema yalikuwa ya kweli, na kwamba kuanzia leo ninyi ni watu wawili wanaoishi mikoa tofauti. Mtoto yule alikuwa amesoma barua mia tatu za upendo bila kuelewa hata moja, kwa sababu hazikuanza na neno "mpendwa".

Getruda akaandika siku hiyo hiyo, kwa Swalehe mwenyewe: kwamba amesikia sasa ana sababu ya kulala, ingawa zamani alilala bila sababu, na kwamba mkono wa kulia umepumzika kutokana na kazi ambazo haukuzifanya. Wiki moja baadaye likaja jibu. Mwanaisha alishukuru kwa barua hiyo kwa heshima zote na kueleza kwamba hakumsomea babu, kwa kuwa wameshauriwa asikasirishwe. "Tumeihifadhi vizuri," alimalizia.

"Wameihifadhi!" Getruda alipiga kofi gunia la pumba. "Mgonjwa ananyimwa dawa, dawa inahifadhiwa!"

Careen, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na mwenye kuamini kwamba kila tatizo lina namba ya simu, alimpigia Mwanaisha akaweka sauti kubwa ili mama yake asikie.

"Naomba niongee na Swalehe," Getruda alisema.

"Babu amepumzika, bibi."

"Huyo amepumzika tangu azaliwe. Mwekee simu sikioni."

"Bibi, tafadhali," sauti ilisema kwa upole wa kuchosha. "Tunamlinda. Unaweza kuniachia mimi ujumbe wa kumtia moyo."

Simu ikakatwa. Getruda aliwaza kupanda basi, lakini goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kiasi kwamba kupanda ngazi mbili za mashine tu kulimtoa machozi. Swalehe alikuwa amelala kule, katikati ya watu wapole, akitazama ukuta. Hakuna aliyemdharau hata kidogo. Alikuwa anakufa kwa heshima.

"Mama, kwani huwezi kuandika vizuri mara moja tu?" Careen aliuliza. "Mtoto atamsomea. Shida iko wapi?"

Getruda alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama kuku wake mjinga ambaye kwa bahati ametaga yai.

"Nipe karatasi safi," alisema. "Isiyo na unga."

Aliandika kwa siku mbili. Careen alimsahihishia alama za mkato, na hivi ndivyo ilivyosomeka:

"Mheshimiwa Mzee Swalehe Saleh. Kwa heshima na taadhima nachukua fursa hii kukupongeza kwa maisha yaliyojaa bidii. Nani asiyejua kwamba jua halijawahi kukukuta kitandani? Shamba lako ni mfano kwa wilaya nzima. Hata magugu huogopa kukanyaga mpaka wake. Hatutasahau sauti yako tamu kwenye harusi ya Careen, ambayo wageni waliibeba mioyoni wakaondoka nayo mapema. Hatutasahau ukarimu wako, wala yule jogoo mlaini ambaye tulimmaliza kwa dakika chache. Vijana wa leo wangekuwa na nusu ya haraka yako ya kazi, nchi ingekuwa mbali. Sisi Wangoni, watu wadogo tusiojua vita, tunakuombea afya. Wako mtiifu, Getruda Kajetani."

"Mama," Careen alisema, machozi yakimlengalenga, "hatimaye umeandika kama mtu."

"Ndiyo," Getruda alijibu. "Peleka stendi kabla sijatapika."

Siku nane hazikuleta kitu. Getruda alisaga mahindi ya watu akiwa kimya, na wateja wakaanza kuogopa. Mama mmoja alileta mahindi yaliyooza nusu, akasubiri asemwe. Getruda akayamimina mashineni bila neno. Mama yule alimuuliza Egidi pembeni kama kuna aliyefariki.

Siku ya tisa bahasha ikafika. Egidi alizima mashine bila kuambiwa.

"Shikamoo Bibi," Mwanaisha aliandika. "Nilifurahi sana kwa barua yako ya kiungwana, nikaona niisome mbele ya watu wote wa nyumbani, nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye jua na kitanda, babu aligeuza kichwa kutoka ukutani. Nilipofika kwenye magugu, mwili ulianza kumtikisika. Nikadhani ni kiharusi cha pili, nikaita majirani. Kumbe bibi, alikuwa anacheka. Alinionyesha kwa mkono wa kushoto niendelee. Kwenye jogoo alitokwa na machozi. Nimemsomea mara nne. Mara ya nne alijitahidi sana kwa mdomo, tukamsogelea wote, na akatamka neno moja, wazi kabisa: 'Mnafiki.' Ni neno lake la kwanza tangu augue. Bibi Ashura, mke wake, alipiga vigelegele. Babu hakutaka nikuandikie kingine, ni hilo tu."

Getruda aliinua karatasi ikamziba uso. Egidi, ambaye si mtu wa kudadisi, alitazama pembeni akakagua mkanda wa mashine usiokuwa na tatizo lolote.

"Kuna mengine," Getruda alisema baadaye. Akasoma:

"Usiku ule nilirudi kwenye sanduku nikazisoma upya barua zote. Naona nilikosea. Bibi Ashura ananiambia mjukuu naye ni mtani wa bibi yake, na kwamba babu akishindwa kuandika kazi hii ni yangu. Sijawahi kufanya jambo kama hili. Naomba nijaribu. Bibi Getruda, nimesikia kwamba wewe ni mnene kidogo, samahani."

Getruda akaishusha karatasi. Kisha kicheko cha Getruda kikafika barabarani.

"Mnene kidogo, samahani! Egidi, umesikia? Stashahada nzima! Serikali imemsomesha mpaka hapo!"

"Ni mwanzo, Mama Careen."

"Ni aibu. Saleh anajigeuza kaburini. Lete kalamu."

Aliketi juu ya gunia la pumba. Hakuandika barua mpya. Aliichukua barua ile ile ya Mwanaisha, akafuta neno "kidogo" kwa mstari mmoja mnene, akafuta "samahani" kwa mistari mitatu, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: "RUDIA. NA UMUULIZE BABU YAKO MNENE KAMA NINI." Akaikunja, unga ukiwa umejaa kwenye mikunjo, akaitia kwenye bahasha na kumwambia Egidi awashe mashine, kwa kuwa watu wanasubiri na mahindi yao mabovu.