Umeacha Dawa Gani?

Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la dawa, katika zahanati ndogo upande wa Kidahwe, nilihesabu vidonge vya mgonjwa mmoja mara tano. Foleni ikaanza kunung'unika. Muuguzi wa zamu akachungulia. "Kijana, hivyo ni vidonge, si kuku. Havitoroki." Nilicheka nao, kisha nikahesabu mara ya sita.

Nikiri mapema: nilikuwa na cheti cha mafunzo mafupi tu. Mengine nilijifundisha kwa kitabu kisicho na jalada. Humo nilisoma kwamba ini huvunja dawa kwa vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazoikata dawa vipande ili itoke. Dawa nyingine huviamsha vimeng'enya hivyo, nyingine huvizuia. Nilikariri kurasa hizo hadi nikahamishiwa kituo kimoja cha afya upande wa Bangwe, kando ya ziwa.

Huko nilimhudumia Mama Ashura, muuza dagaa wa Kibirizi, mwenye kisukari na kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, iliamsha ini lake likawa linamaliza haraka kidonge chake cha sukari, glibenklamidi. Sukari ikapanda, daktari akaongeza dozi. Alifanya sahihi. Miezi sita ikatimia. Kituoni anayemaliza dawa za kifua kikuu hupigiwa makofi na kadi yake hufungwa. Hata mimi nilipiga makofi. Kadi ya kisukari ilikuwa chumba kingine, hakuna aliyeigusa.

Wiki moja baadaye alikuja kuchukua glibenklamidi. Niliiona dozi ile kubwa, nikashtuka. Lakini cheti cha dawa kilikuwa na sahihi ya daktari, nami niliogopa kuitwa mjuaji. Nikahesabu vidonge mara tatu, nikampa. Hesabu haikuwa na kosa.

Wiki iliyofuata, adhuhuri, binti yake Ashura alimleta amemshika mkono. Upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi, lakini shingo ya mama ilitiririka jasho.

"Shikamoo, mama."

Alitazama juu ya bega langu. "Huyo nyuma yako, mbona nywele zake zinachuruzika maji?"

Niligeuka. Rafu ya dawa tu.

"Anamwona mama mdogo," Ashura akaninong'oneza. "Alizama ziwani nikiwa mchanga. Siku ya tatu leo, kila akichelewa kula. Wajomba wanasema anaitwa. Kesho wanampeleka kwa mganga wa kienyeji."

Mama akaanza kusalimia kwa Kiha, salamu ya asubuhi, taratibu, "Mwakeye, mwakeye," akinyamaza kama anayejibiwa. Nikasikia tone likidondoka nyuma yangu. Bomba letu lilikuwa kavu tangu asubuhi.

Hapo nikaelewa. Rifampisini ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma, ini limerudi kwenye mwendo wake wa zamani, na dozi kubwa yote inabaki kwenye damu. Nilikimbia kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo. Kipimo cha kidole kilionyesha sukari imeshuka mno. Bado kidogo azimie. Mama akanyweshwa maji ya sukari, kisha uji.

"Nani aliiacha dozi hii ibaki kubwa hivi?" Mganga Mfawidhi akauliza.

"Niliiona wiki iliyopita, daktari. Nilinyamaza."

"Tuliiacha sote," akasema. "Ila wewe uliiona."

Akaipunguza dozi, na akamlaza hadi kesho yake, kwa kuwa kidonge kile hukaa mwilini muda mrefu na sukari ingeweza kushuka tena.

Jioni Mama Ashura alitazama juu ya bega langu. "Ameenda?"

"Ilikuwa sukari, mama."

"Sikukuuliza ilikuwa nini. Nimeuliza kama ameenda."

Nilimwongezea uji. Miaka michache baadaye niliacha kazi ningali kijana, na wenzangu hunitania "mstaafu". Nyinyi mnaoingia kazi hii, msiishie kumuuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Muulizeni ameacha ipi, na lini. Dawa ikiondoka, ini hukaa siku kadhaa kama bado ipo, na siku linapojua haipo ndipo hatari inapoanza. Na mkishtuka, semeni, hata mkikosea.

Siku ya kukabidhi funguo nilisafisha chumba chote. Sakafuni, nyuma ya mahali nilipozoea kusimama, palikuwa na alama ndogo ya maji. Niliifuta mara sita.