Picha ya Mwisho Kwenye Mkanda

Mimi ni mpiga picha wa kujitolea, maana yake hakuna aliyewahi kunituma wala kunishukuru. Siku za kazi nafundisha hesabu Mugumu. Jumamosi naenda Machochwe, pembeni mwa hifadhi, nalala kifudifudi kwenye majani na kamera ya mtumba niliyonunua Sirari, nasubiri simba. Simba hawajawahi kufika. Ninazo picha nyingi mno za makalio ya nyumbu, na mke wangu ameniomba kwa adabu nisizitundike sebuleni.

Bingwa huyu ndiye aliyesimama siku ya arobaini ya baba yake, mbele ya ukoo mzima, akatangaza kwamba ataingiza negativu zote za marehemu kwenye kompyuta. Baba alikuwa mpiga picha wa Itiryo tangu enzi za mikanda: harusi, ubatizo, vijana waliotoka tohara, wazee waliokunja sura kana kwamba kamera inawadai ng'ombe. Watu wakapiga makofi. Ningekaa hapo hapo, lakini ulimi wangu hauna breki. Nikaongeza kwamba siku hizi kompyuta inafufua hata picha zilizoungua.

Mama akageuza kichwa taratibu. "Hata zilizoungua?"

"Hata hizo, mama."

"Basi nitolee ya dada yako."

Dada yangu alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, mimi sijazaliwa. Alipigwa picha moja tu maisha yake yote. Baba alirudi jioni kutoka harusi ya jirani, mtoto akang'ang'ania kamera, naye apigwe kama bibi harusi. Baba akamkalisha kwenye kigoda mlangoni, flashi ikawaka, mtoto akacheka mpaka akaanguka. Wiki mbili baadaye wakamzika. Mkanda uliporudi kutoka kusafishwa Musoma, baba alimwambia mama kwamba picha zote zimetoka, ila ile ya mwisho imeungua.

"Uzito wake bado ninao hapa mikononi," mama aliniambia siku ile. "Sura ndiyo inanitoroka." Nikamwahidi. Mjinga mimi, nikamwahidi.

Mama alinikabidhi urithi wenyewe: debe la mafuta ya kupikia lililojaa mikanda, kila mmoja umefungwa kwenye karatasi yenye mwandiko wa baba. Kwa kuogopa mchwa alikuwa amelihifadhi darini juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Mbegu ilitunzika vizuri sana. Negativu nazo zilikaushwa kwa moshi miaka yote hiyo mpaka zikanuka samaki.

Kwenye mtandao, wataalamu wa kazi hii huvaa glovu nyeupe na kufanyia kazi kwenye chumba kisicho na vumbi. Chumba kisicho na vumbi, Mugumu, mwezi wa nane! Mimi nilivaa soksi mkononi. Nikafunga kamera kwenye stendi ikitazama chini, stendi nikaikandamiza kwa matofali mawili. Chini nikalaza simu ya mke wangu yenye mwanga mweupe, juu yake kioo cha dirisha na karatasi laini, kisha negativu. Mke wangu akakosa simu mwezi mzima, na ndugu zake wakadhani nimempiga marufuku kuongea nao.

Mkanda wa kwanza niliusugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, uondoke moshi. Ukaondoka moshi, zikaondoka na picha. Harusi nzima ya watu iliishia kwenye povu, nikabaki na plastiki safi kabisa, unaweza kuifungia sambusa. Baada ya hapo nikajifunza kutumia pamba, maji ya baridi na kufunga mdomo.

Mkanda wa harusi ya jirani niliupata baada ya wiki tano. Nikazihesabu picha mara mbili: thelathini na sita, zote nzima, na ya mwisho bibi harusi anapanda trekta. Hakuna iliyoungua. Hakuna kigoda. Hakuna mtoto.

Nikaubeba kwa fundi mmoja mzee mwenye studio hapo Mugumu, Mwislamu aliyepiga picha zama zile zile za baba. Aliuinua kwenye mwanga, akaurudisha bila kunitazama.

"Mwalimu, mzee wako alipiga flashi tupu."

"Flashi tupu ndiyo nini?"

"Mkanda umeisha, mtu bado anataka picha. Unamkatalia vipi? Unamwashia flashi, anafurahi, anaenda zake. Baadaye unamwambia imeungua. Wallahi, wote tulifanya. Ila kwa mwanao, unajua kesho utanunua mkanda mwingine, utampiga ya kweli."

Hapo ndipo nilipofanya jambo la kishenzi kuliko yote. Sikutaka mama afe na mlango mtupu, usio na sura ya mtoto. Nikatafuta kwenye debe msichana wa umri ule, nikampata, amekaa kwenye mkeka na gauni la mistari, anacheka. Nilijiambia mama ana mtoto wa jicho, mimi mwenyewe dada sikuwahi kumwona, nani atajua? Fundi alinisafishia kubwa, akaitia fremu. Nikapanda basi kwenda Itiryo na uongo wangu kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo mama. Nimeipata."

Akaifuta mikono kwenye khanga, akaipokea, akaisogeza karibu na pua. Wala haikuchukua muda.

"Aa, mura, kijana wangu. Huyu siye." Akaitazama tena. "Huyu ni binti wa yule mama wa ng'ambo ya mto. Naye aliondoka na surua ile ile. Mama yake bado yupo, ukitoka hapa mpelekee. Atafurahi mno."

Nilitamani ardhi inimeze. Akaiweka fremu pembeni, akafungua viganja vyote viwili mapajani.

"Na wangu yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mkanda ulioisha, flashi tupu, mpaka gauni la mistari. Nilingoja anitukane, au amtukane marehemu, na haki alikuwa nayo. Mama akawafukuza kuku waliokuwa wakipita miguuni.

"Baba yako alilia sana msiba ule," akasema. "Sisi wanawake tulinyamaza, yeye bado analia. Watu wakamsema, mwanamume gani huyu. Hata mimi nilimsema." Akajipangusa macho kwa pindo la khanga. "Maskini mume wangu. Angeniambia tu."