Motokari ya Mbio kwenye Kitambaa cha Meza

Nilikuwa nimeolewa karibuni, na kila alasiri nilikwenda kwenye nyumba ya mafunzo ya akina mama, karibu na kambi ya wafanyakazi wa reli. Sista mmoja wa Kizungu alitufundisha kudarizi vitambaa vya meza. Kwanza unachora ua kwa penseli, kisha unalifuata kwa sindano na uzi. Mawaridi nilikuwa nimeyachora mpaka mkono ukazoea kwenda wenyewe.

Siku moja sista alinituma mjini kununua nyuzi. Nilipotoka dukani, nje palikuwa pamesimama motokari ambayo sikuwahi kuona mfano wake: nyekundu, ya chini sana, haina paa, ina viti viwili tu na pua ndefu. Katika mji wetu wa Élisabethville nilijua malori ya mgodi na motokari nyeusi za wakubwa. Hii ilikuwa imesimama, lakini macho yangu yaliiona inakimbia. Nilichukua penseli na karatasi waliyofungia nyuzi, nikaanza kuchora palepale.

Mwenye gari akatokea, mwanamke wa Kizungu aliyefunga skafu kichwani. Nilirudi nyuma haraka, maana siku zile mtu mweusi hakusimama karibu na mali ya Mzungu bila kuulizwa. Alinyoosha mkono, akaitazama karatasi yangu.

“Mipira yangu iko sawa mayai,” alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni, akigusa magurudumu niliyoyachora, akacheka bila ubaya. Kisha akaingia, akaondoka kwa mngurumo, vioo vya duka vikatetemeka.

Kweli yalikuwa mayai. Jioni mume wangu, aliyefanya kazi kwenye karakana ya reli, aliigeuzageuza ile karatasi.

“Hii iko motokari ao iko kiatu?”

“Iko motokari. Mipira njo inanishinda.”

Nilichora, nikafuta, nikachora tena, mpaka karatasi ikatoboka. Kesho yake jioni, nikiosha vyombo uani, niliinua sahani ili maji yachuruzike. Ilipokuwa imenielekea ilikuwa duara. Nilipoigeuza kidogo, ikawa nyembamba, lakini bado ilikuwa sahani, haikuwa yai. Niliacha vyombo kwenye povu.

“Baba, kuja,” nilimwita mume wangu. “Kamata hii sahani, simama pale kwa mulango.”

Alisimama akiishika, mimi nikachora. Nikamwambia ageuze kidogo, nikachora tena.

“Mukono yangu inachoka.”

“Vumilia kidogo, baba. Minaipata.”

Niliipata. Gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, kila moja limelala upande wake, na motokari yote ikakaa chini barabarani. Mume wangu alipoiona alipitisha kidole juu ya ile pua ndefu, na mimi nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilipoihamishia kwenye kitambaa, sista alikunja uso. Alisema mezani watu huweka maua.

“Sista, maua niko nayo mingi,” nilimjibu. “Acha nijaribu hii moja.”

Alifungua sanduku lake, akanipa uzi mwekundu, ule mzuri aliouficha kwa ajili ya vitambaa vya altare.

Siku ya maonyesho ya kazi zetu aliweka kitambaa changu mwisho wa meza, karibu na mlango, labda kwa aibu. Lakini wote walioingia walipitia mlango huo, na wote walikwama pale. Waume wa wenzangu waliinama kutazama taa, wakabishana kama inaweza kushinda treni ya kwenda Sakania. Mzee mmoja, aliyewahi kuchochea moto kwenye garimoshi, alinitazama kwa makini.

“Mama, na shofa iko wapi? Motokari inakimbia yenyewe?”

Watu walicheka. Siku zote zile nilishughulika na chuma na mipira, sikufikiria mtu wa kuiendesha.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Nikachukua karatasi mpya, nikachora motokari kwa mara moja, bila kufuta. Kwenye usukani nikamweka mwanamke mwenye kilemba changu, mikono yangu, na pua yangu pana. Mume wangu aliinama begani kwangu, akatazama kwa muda mrefu kiti kilichobaki wazi.

“Na mimi?” aliuliza. “Unaniacha kwa kambi?”

Nikamrudishia ile sahani aishike kama siku ile, nikamwambia aketi vizuri kama abiria wangu, nianze na uso wake.