Mama Aliyenishusha Paani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, jua likiwa kali. Usipoamini sitakulaumu. Hata mimi ningependa yawe uongo.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho nilikuwa natunza vioo vya umeme wa jua kwenye zahanati ya misheni, upande wa Majimoto. Nilisoma shule ya msingi tu. Kazi alinifundisha bruda mmoja. Vioo vilijaza betri, betri ikaendesha redio ya kuitia gari kutoka Mpanda. Mlinzi wetu, Msukuma mwenye ng'ombe zake, alinitania kila asubuhi: "Wewe mkamua jua, leo limetoa maziwa?" Mimi nacheka tu, napanda paani kuvifuta vumbi.

Siku hiyo dada yangu Tereza alishindwa kujifungua. Sista mkunga akaita gari, redio kimya. Waya wa vioo ulikuwa umekatika, betri imekwisha.

"Panda haraka," akaniambia. "Bila gari huyu hafiki kesho."

Nikapanda. Ukiunga waya vioo vikiwa wazi, cheche zinaruka, kwa hiyo huwa tunavifunika blanketi kwanza. Nimeshafunika, nasikia naitwa chini: "Mwanangu! We mwanangu!"

Mama wa makamo, kaniki begani, mkono wa kushoto hauna kidole kimoja. Simjui. Lakini mtu mzima nitamwamkiaje nikiwa juu ya kichwa chake? Kwetu hilo ni tusi. Nikashuka, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi wa ukweni kwake Tereza. Amepata mtoto wa kiume. Kimbia shambani, mama yako asikie kwako kwanza."

Chumba cha uzazi mwanamume haingii. Ningehakikisha wapi? Na gari la nini tena? Nikakimbia.

Mama alitupa jembe akapiga vigelegele, wanawake wote waliokuwa wakilima mpunga wakaitikia. Tulirudi tunaimba, niamini, tunaimba mpaka mlangoni. Sista akatoka, mikono ina damu.

"Mnamwimbia nani nyie?"

Nilipanda, nikaunga waya, nikatoa blanketi. Wingu lilikuwa limeshatanda. Redio ilikoroma kidogo, ikazima. Tereza alikufa kabla ya giza, mtoto akiwa tumboni.

Mumewe alipofika nikamweleza habari za yule mama. Nilipotaja kidole, akaketi chini.

"Huyo ni mama yangu. Alikufa akililia mjukuu. Tulimzika kijiji cha zamani, na tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa hatujarudi hata kufagia kaburi."

Mama yangu hajanilaumu hata mara moja. Ila harusini wenzake wakipiga vigelegele, yeye huziba mdomo kwa kanga, anatoka nje. Mimi kazi ile niliiacha. Nikiitwa njiani na sauti nisiyoijua sigeuki, na watu wanasema naringa.

Wewe unayesoma, ukiwa kazini na mgeni akakuletea habari njema, mwache asimame hapo chini. Maliza waya wako. Afadhali aseme huna adabu.