Kabla ya Kuomba Tena Udaktari

Nakumbuka asubuhi moja kando ya Lualaba, mwanangu, mama mmoja aliniita munganga nami nikanyamaza. Munganga kwetu Katanga ni daktari. Nilikuwa kijana, nimeacha sekondari mapema, nimejaribu kuingia shule ya wauguzi wakanirudisha kwa sababu ya hesabu za dawa. Sikuwa na nia ya kuisimulia asubuhi hiyo tena. Lakini Jumapili iliyopita nilitoka kwenye kikao cha familia hapa Kamina nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka, na nimeona heri niiandike kuliko kuzunguka nayo mitaani.

Nianze na Lualaba. Baada ya kurudishwa, muuguzi mmoja mzee, Papa Mukalay, rafiki wa marehemu baba yangu, alinichukua kwenye kundi lake la utafiti wa malale karibu na Malemba-Nkulu. Tulitundika mitego ya kitambaa cha buluu vichakani, tukakamata wale nzi wanaoleta ugonjwa, na wakubwa wakawapasua na kuwatazama kwa hadubini. Mapatano yetu yalikuwa wazi. Mchana nitafanya kazi ya mitego, jioni yeye atanifundisha zile hesabu, na mwaka unaofuata nitarudi kwenye mtihani.

Mimi nilipenda mchana tu. Nilitaka kujua kwa nini nzi anafuata buluu na kuiacha njano, wavuvi wanamwitaje samaki huyu na yule, mtu akipanda mtumbwi pale atatokea wapi. Jioni ikifika nilikuwa kwa wavuvi nikiuliza maswali, naye Papa Mukalay ananingoja mezani.

Sasa, wote katika kundi tulivaa koti jeupe, hata sisi wa mitego. Asubuhi hiyo nilibaki kambini peke yangu nikiosha vioo. Akaja mama na mtoto mgongoni, mtoto anachemka kwa homa. Akasema, "Munganga, nisaidie." Nilipaswa kumwambia kwamba mimi natundika vitambaa. Lakini jina lile lilikuwa tamu, mwanangu. Nikamlaza mtoto kwenye mkeka, nikaweka sikio kifuani pake, nikakunja uso kama nilivyowaona wengine wakikunja.

Papa Mukalay akafika na baiskeli yake, wenzetu wa mitego wakimfuata. Alimtazama mtoto, akampa dawa, akapanga mtu wa kuwapeleka mama na mwanawe kituo cha afya. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Walipoondoka ndipo mzee akanigeukia mbele ya watu.

"Weye njo munganga sasa?"

Nikasema mama mwenyewe ndiye aliyeniita hivyo.

"Huyu mama alipita kituo cha afya njiani. Alikipita kwa sababu waliambia ye huku kuko banganga. Na weye ukamuwekea mutoto wake sikio. Ulisikia nini?"

"Moyo, Papa."

"Hata mbuzi iko na moyo."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Nilikuleta huku ujifunze ile yenye ilikuangusha," akasema. "Hesabu iko pale pale penye uliiacha. Minyi nakungoja kila jioni, weye unaenda kuuliza bantu majina ya samaki. Hii kazi ni ya muzuri, lakini weye unajificha ndani yake."

Niliudhika kama kijana yeyote anavyoudhika akichekwa. Nikaondoka, nikapanda treni, na tangu hapo nimekwenda kila mahali reli inapofika na mahali pengi isipofika. Mtihani sikuurudia. Silalamiki, maisha yangu nimeyapenda, na maswali sijaacha kuuliza. Ila maneno ya Papa Mukalay yalinijia yote Jumapili, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa Banza.

Banza ni mtoto wa kaka yangu. Numbi ni binti wa mdogo wake wa kiume. Baba yake Numbi yuko mbali kwenye migodi, kwa hiyo Banza ndiye anayelipa masomo. Matokeo ya diploma ya taifa, mtihani wa kumaliza sekondari, yalipotoka, Numbi alikuwa amepata alama za juu, nasi tukafanya kama tunavyofanya hapa: tukammwagia pudre, ile poda nyeupe, kichwani mpaka akawa mweupe hata kope, wanawake wakapiga vigelegele barabara nzima. Siku ile ile wakaanza kumwita Docta. Banza alikuwa anamwita hivyo kutoka ng'ambo ya soko, ili wote wageuke. Docta, naye hajauona hata mlango wa kitivo cha tiba.

Alipokwenda Lubumbashi kufanya mtihani wa kuingilia udaktari, hakupita. Alirudi na treni. Na unajua Banza alifanya nini? Aliwaambia majirani kwamba mtoto yuko likizo. Akamkataza kwenda sokoni saa za watu wengi, asije akaulizwa. Binti mzima, aliyesoma, akawa anachota maji kwa kujibanza, kwa sababu ya pudre tuliyommwagia sisi wenyewe. Hilo lilinichoma kabla hata ya kikao.

Kikaoni kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kundi la utafiti wa malaria linatafuta vijana wa kwenda vijijini huko Kabondo-Dianda, kuuliza watu maswali nyumba kwa nyumba na kuwachoma vidole kuchukua damu. Numbi alilitaka hilo. Angepanda pikipiki, angevaa buti, angekaa karibu na wagonjwa. La pili lilikuwa la Banza. Alitaka Numbi aandikishwe hapa mjini kusoma usimamizi, kwa kuwa bado wanapokea, na kwa kuwa kila asubuhi angepita barabarani na shati jeupe na sketi ya buluu, watu wakaona mwanafunzi. "Mwaka kesho atajaribu tena udaktari," akasema. "Masomo ni masomo."

Wazee walizungumza sana. Mmoja akaunga mkono utafiti kwa sababu wanalipa posho, mwingine akasema barabara za huko ni mbaya, binti ataumia. Numbi alikuwa mlangoni na beseni la maji ya kunawa, na hakuna aliyemgeukia. Nikamgeukia mimi.

"Numbi, ulianguka ku nini?"

Banza akaruka. "Papa mudogo, tafazali. Weye uliacha masomo ungali mutoto, leo njo unataka kuongoza kikao?"

"Niliacha masomo, sikukatwa ulimi. Nimeuliza mutoto."

Numbi akaweka beseni chini. "Kemia, Kambo," akaniambia. Kambo kwetu ni babu.

"Kemia ya namna gani?"

"Yote. Mwalimu wa kemia aliondoka mwanzo wa mwaka, hakukuya mwingine. Tulikuwa tunanakili daftari ya wale ba mwaka wa nyuma, tunashika kwa kichwa. Ku diploma nilijibu vile nilishika. Kule Lubumbashi walituuliza vitu vyenye sikuonaka hata siku moja."

Wiki hizo zote walikuwa wanabishana kuhusu buti na sketi, na jibu lilikuwa linawapelekea maji ya kunawa mikono. Nilikasirikia shule inayowaacha watoto mwaka mzima bila mwalimu halafu inapokea pongezi. Nilitukasirikia sisi, wepesi wa kumwaga pudre na wazito wa kuuliza swali moja. Usimamizi hauna hata tone la kemia ndani yake. Numbi angekaa humo mwaka na kurudi Lubumbashi kuanguka pale pale. Na utafiti, ambao mimi ningeusifu mbele ya mtu yeyote, haungemfundisha kemia pia. Angefurahi, angeitwa Docta katika kila kijiji, na Docta huyo angerudi kwenye mtihani mikono mitupu. Hayo siyasomi kitabuni.

Kisha Numbi akasema, bila kuinua sauti, kwamba ameshauliza kwenye chuo cha ualimu. Wana idara ya biolojia na kemia, wana maabara ndogo, na wanaweza kumpokea.

"Ualimu?" Banza akasema. "Tulimumwangia mutoto pudre ya udaktari, aende kuwa mwalimu? Bantu batasema nini?"

"Bantu gani?" nikamuuliza. "Nitajie moja mwenye atamufanyia mtihani."

"Minyi njo nalipa."

"Basi lipa kemia."

Hapo Numbi akamwambia Banza neno ambalo sikutegemea kulisikia. "Papa, unanilipia tangu primeri, sitasahau. Lakini kama unalipa juu ya majirani, usilipe."

Banza akaamka, akaacha bukari, yaani ugali wake, kwenye sahani, akaenda kusimama nje akitazama barabara. Hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Jumatatu Numbi alikwenda chuoni kujiandikisha, mchana kweupe, akipitia katikati ya soko. Mama yake ametoa sehemu ya kwanza ya ada kutoka kwenye biashara yake ya unga wa muhogo. Sehemu ya pili hatujui itatoka wapi. Banza hasemi nami. Watu wa malaria wamemwambia Numbi aje wakati wa likizo ndefu kama bado atataka.

Mwanangu, wewe uliyerudishwa mlangoni mwa udaktari na unataka kugonga tena, nakuambia hivi. Usiulize kwanza kama utafiti ni bora au masomo ni bora. Uliza ni kitu gani kilikurudisha, na ukiulize kwa wanaokijua, hata ikibidi kuwasumbua. Kama ni somo hukulipata, nenda ukalitafute lilipo, katika chuo chochote ambacho mwalimu wake anafika, hata kama jina la chuo hicho haliwapendezi wajomba. Kama masomo unayo lakini hujawahi kukaa na mgonjwa, au walipokuuliza kwa nini unataka kazi hii ulikosa la kusema, basi fuata watafiti, panda pikipiki, sikiliza watu vijijini. Na popote utakapokwenda, tafuta mtu mmoja mkali wa kukuuliza kila mara umefika wapi, na jioni akikungoja, nenda. Jina la udaktari likija kabla ya wakati wake, likatae kwa upole, hata likitoka kinywani mwa mama yako.

Nanyi wazazi wenzangu, mtoto akianguka msimfiche kama nyama ya wizi. Mkalisheni karibu na meza, mumuulize, kisha mnyamaze mpaka amalize kujibu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe afya ya kusoma na moyo wa kuwavumilia walio nyumbani, na siku mama atakapoweka mtoto wake mbele yako, mikono yako ijue inachofanya.