Akisikia Hodi, Anachukua Viatu

Kazi yangu ni ushonaji na cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo nyumba yetu ya Igogo, kilimani kwenye mawe makubwa juu ya ziwa, husikia hodi kutwa nzima. Hodi ya mwenye gauni la harusi, hodi ya mwenye suruali iliyombana, hodi ya asiye na nguo yoyote ya kushonewa bali umbea tu. Sikuwahi kufikiri kwamba neno hilo lingeweza kuniumiza. Kisha tukamleta mtoto nyumbani.

Alikuwa binti wa miaka miwili na kidogo, kutoka kituo cha kulelea watoto. Mimi na mume wangu tuliomba kuasili baada ya kungoja uzazi mpaka watu wakachoka kutuuliza. Utaratibu ulitaka mtoto akae kwetu kwanza kwa malezi, afisa wa ustawi wa jamii awe anapita kutuangalia, na mwisho wa yote mahakama ndiyo itukabidhi. Kwa hiyo alikuwa wetu na bado hajawa wetu. Mimi si mtu wa subira, waulize wateja wangu.

Asubuhi ya kwanza mteja alipobisha, mtoto aliacha uji wake, akaenda kuchukua viatu vyake chini ya kiti, akavivaa mwenyewe, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, akasimama mlangoni mikono nyuma. Mteja alifurahi sana. "Jamani, mtoto mjanja huyu! Ameshajua kuvaa viatu!" Nami nikavimba kichwa kana kwamba nilimfundisha mimi. Hodi ya pili, viatu. Ya tatu, viatu. Mteja akishaondoka, anavua, anavirudisha chini ya kiti, anaendelea na alichokuwa anafanya. Tulidhani anapenda kutembea. Mume wangu akamnunulia jozi nyingine, nyekundu.

Nilipompigia simu mlezi wake wa kule kituoni kuuliza dawa ya kifua, nikamsimulia habari ya viatu kama kichekesho. Yeye hakucheka.

"Dada, huku wageni wakija kuchukua mtoto, tunamwambia yule anayeondoka avae viatu," akasema. "Wenzake wanabaki pekupeku."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa mbele ya cherehani bila kushona chochote. Kumbe kila hodi iliyopigwa barazani kwangu, mtoto wangu alikuwa anajiandaa kuondoka. Na alikuwa anajiandaa bila kulia, bila kuniangalia, bila hata kumalizia uji.

Nikapiga marufuku hodi. Nikatangaza kwamba anayekuja kwangu apige makofi, akohoe, aimbe pambio, shauri yake. Mzee mmoja aliyeleta koti la kubadilisha zipu alinuna. "Sasa mayu, unataka niingie kwako kama mwizi?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, lugha yetu mimi na yeye. Nikamwambia aingie kama mwizi mwenye kikohozi. Haikusaidia kitu. Mtoto alijifunza kikohozi upesi kuliko wateja.

Watu walimsifu. Mtoto ana adabu, mmebarikiwa, hana kilio, hana deko. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia kula, anakula. Kila mwanamke kwake alikuwa mama: mimi mama, jirani mama, muuza mboga mama, na yeyote aliyemnyooshea mkono alimpa wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, yaani aache ugeni, awe mtu wa nyumbani. Huyu wangu wiki zilipita na ugeni wake uko palepale. Nikienda sokoni na kurudi, alinitazama kama anavyotazama kuku anayepita uani. Hakuwahi kuuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa narudi na kikapu, nasimama mlangoni makusudi, nasubiri, na moyo unaniuma.

Nilipomweleza mume wangu alisema nawaza sana. Yeye ni fundi wa injini za boti, kibanda chake kiko chini ya kwetu, ziwani, na huamini kwamba kila kitu kikipewa muda kitawaka. Mpaka siku alipokuwa ameinamia injini yake, akainua kichwa, akamwona mtoto wetu anapita ufukweni. Ameshikwa mkono na mwanamke mwenye ndoo ya dagaa, mtu ambaye hajawahi kumwona. Mbele yao kulikuwa na mitumbwi imefungwa kwenye mawe, na maji.

Mwanamke yule hakuwa na ubaya. Alikuwa amepita kuulizia bei ya sketi, nami nilikuwa nimeingia ndani kutafuta futi ya kupimia. Akaona mtoto amevaa viatu, amempa mkono, akadhani ni wa huko chini na anataka kurudishwa. Aliuliza njia nzima, "Kwenu ni wapi, mama?" na mtoto akawa anajibu, "Ndiyo."

Mimi nilikuwa juu kati ya yale mawe makubwa, napiga kelele mpaka sauti ikakauka, nachungulia kila mwanya, nachungulia hata ndani ya pipa la maji la jirani. Mume wangu alipotokea na mtoto mabegani, nilikaa chini palepale njiani. Mtoto alikuwa anampungia mkono yule mwanamke. Toka siku hiyo mume wangu hakuniambia tena kwamba nawaza sana.

Ndipo mama mzazi wa mume wangu akaja kutoka Mara.

Huyo mkwe wangu ndiye tuliyemwogopa kuliko afisa na mahakama. Miaka yote alikuwa akisema damu ya watu huijui, utaleta nyumbani jambo usilolijua. Tulijiandaa kwa ubaya. Alishuka kwenye bajaji na mfuko wa udaga wa muhogo na samaki wakavu, nikampigia goti, "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba" huku macho yake yanamtafuta mtoto. Mtoto alikuwa mlangoni, viatu miguuni, mikono nyuma. "Shikamoo bibi," akasema bila kuambiwa na mtu. Mama mkwe wangu aliangusha mfuko. Alimbeba mgongoni hapohapo, akamfunga kwa kitenge chake, na mpaka jioni hakumshusha. Alimpa jina la mama yake mzazi. Mume wangu alitoka nje kulia ili tusimwone, nasi tukamwona.

Nilifurahi, nisidanganye. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Furaha hiyo ilidumu mpaka siku ile tukiwa tunakula ugali, bibi alipolamba vidole na kusema, "Nitakwenda naye."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Mjukuu wa kwanza analelewa na bibi," akasema. "Huyu mume wako alikaa kwa mama yangu mpaka akang'oa meno ya utoto. Nitakuwa naye mpaka Krismasi. Nyie mtakuja kututembelea."

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama mboga.

Mtu wa kwetu ataelewa pale nilipobanwa. Bibi hachukui mtoto wa kuokota. Anachukua mjukuu. Kule kumtaka ndiko kumkubali kwenyewe, jambo tuliloliombea, na kumkatalia ni kumwambia kwamba mtoto huyu si wake. Nikajaribu kupita pembeni. Nikasema, mama, sheria hairuhusu, bado tuko kwenye malezi, hatuwezi kumtoa mkoani bila afisa wa ustawi kujua.

"Kwa hiyo mjukuu wangu ni wa serikali?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi ni wa nani?"

Nikaanza kukusanya vyombo, na watu hawajamaliza kula.

Chumbani mume wangu alisema kwa kunong'ona kwamba tungeweza kumpigia afisa, kuomba ruhusa, hata wiki chache tu. "Amemkubali," akawa anarudia. "Unajua mama yangu alivyo. Amemkubali." Nikamwambia kwamba mtoto hajatukubali sisi, na akiondoka sasa atakuwa ameondoka kwa mtu wa tatu katika maisha yake, na huko Mara mtu mwingine akija na kusema hodi atamfuata huyo pia, na mwingine, mpaka azeeke. Akasema huko ni kwa mama yake, si kwa mtu mwingine. Nikamwambia, kwako wewe ni mama yako. Kwa mtoto ni mgeni mwingine mwenye begi. Tulilala tumegeuziana migongo.

Asubuhi ya safari bajaji ilikuja mapema. Mpaka dakika ile mume wangu hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa anafunga begi la mama yake kwa kamba, na kamba yenyewe haikuhitaji kufungwa kiasi kile. Bibi aliingia kwenye bajaji, akakunja kitenge, akanyoosha mkono. "Njoo, mama. Twende."

Mtoto alikuwa barazani na viatu vyake vyekundu. Alishuka ngazi ya kwanza. Akashuka ya pili. Hakugeuka nyuma. Si kwamba alikuwa na hamu ya kwenda. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, uso wa mtu anayesubiri foleni isogee. Nikamnyakua kabla mkono wa bibi haujamfikia.

"Unaona unavyofanya?" bibi akasema. "Mtoto mwenyewe anataka kuja."

"Hataki kuja, mama," nikasema. "Anakwenda tu."

Majirani walikuwa wameshatoka nje. Niliwaona na sikujali. Nilisema maneno ambayo mkwe hasemi kwa mama mkwe. Nilisema sijamzuia kwa sababu ya serikali, namzuia mimi. Nilisema ukitaka kukaa naye kaa hapa, hata mwaka, kitanda changu chukua, lakini mtoto huyu hatoki kwenye mlango huu. Bibi alimgeukia mwanawe. Mume wangu alisimama na kile kipande cha kamba, akakikunja, akakikunja tena. Kisha akaja akasimama upande wangu.

"Sawa," bibi akasema. "Bakini na mtoto wenu." Na bajaji ikashuka.

Nilimweka mtoto chini. Akatazama barabara, akatazama viatu vyake, akanitazama mimi. Nadhani hajawahi kuona jambo hilo: mgeni amekuja kumchukua, ameondoka, na aliyevaa viatu amebaki. Alisimama mlangoni. Nikamwambia avue, akakataa kwa kutikisa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kunikatalia kitu. Mpaka mchana alikuwa amesimama palepale mikono nyuma, nami nashona upande mmoja wa sketi moja, nafumua, nashona tena, kwa sababu sikuthubutu kuinuka. Alisinzia amesimama. Nilimdaka akianguka.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa nzito. Bibi alifika salama, akampigia mume wangu, akataka azungumze na mtoto. Mimi hakunitaja. Mpaka leo hanisalimii, na ninajua nimemuumiza mwanamke aliyekuwa amefungua moyo wake kwa shida. Hilo sina la kulitetea. Mume wangu akawa anakula na kurudi kibandani. Mtoto naye akaharibika: akamwaga uji, akamng'ata mtoto wa jirani, akakataa kuvaa na kukataa kuvuliwa. Jirani akaniambia, "Bibi yake angemnyoosha." Nikameza hilo nalo. Nilianza kuogopa kwamba nimemnyima bibi na sikumpa kitu badala yake.

Kisha siku moja ya jua kali nikaenda kuoga. Bafu letu ni la mabati, liko uani. Nilimwacha mtoto barazani na mteja wangu wa siku zote, mama mkarimu ambaye hutembea na biskuti. Nimejipaka sabuni kichwani, nikasikia kilio. Sikukifahamu. Nilidhani ni cha mtoto wa jirani. Kikaja karibu, kikawa kinapiga bati kwa viganja vyote viwili, na nyuma yake sauti ya yule mteja: "Njoo kwa mama, njoo uchukue biskuti, mama anaoga tu." Bati likaendelea kupigwa.

Nilijifunga kanga vibaya, nikafungua mlango na povu linaniingia machoni. Alikuwa amesimama kwenye tope la bafu, kamasi mpaka kidevuni, pekupeku. Hakunyoosha mikono nimbebe. Alinichapa pajani, kofi la nguvu zake zote.

"Ulienda wapi?" akauliza.

Mteja akasema, "Ee! Mtoto amekuwa mkali huyu." Nikachuchumaa kwenye maji machafu, na kabla sijajibu akanichapa tena, akauliza tena, kwa hasira, kama mtu mwenye haki ya kujua. "Ulienda wapi?"